Klaudi ni Nini Hasa? Vile Hii Tekno Inasaidia Samaki, Stima na Mahasla wa Kando ya Ziwa Victoria

Kisumu, neno wingu lina uzito wake. Ukiona wingu jeusi limesimama juu ya ziwa jioni, wavuvi wa omena wanajua usiku unaweza kuchacha. Lakini kuna wingu lingine ambalo hulioni na macho, na siku hizi linaamua mambo mob: nani anapata onyo la dhoruba, samaki wa kizimba wanakula saa ngapi, taa ya sola kwa keja inawaka ama inazima.

Hiyo ndiyo klaudi. Wasee wengi wanaijua kama mahali picha za simu huenda memori ikijaa. Si uongo, ila hiyo ni kona ndogo tu. Hapa tumekuwekea stori yote: ni nini, inafanya kazi aje, inasaidia sekta gani huku nyanda za ziwa, na ni wapi inatuangusha.

Kwa wale wana haraka

- Klaudi ni kompyuta za kukodi. Ziko kwa majumba makubwa mbali na wewe, unazifikia kwa intaneti, unalipia kile umetumia.
- Kwa ziwa letu, kazi yake kubwa ni kupima vitu ambavyo zamani tulikuwa tunakisia: joto la maji, oksijeni, upepo, gugumaji, chakula cha samaki.
- Kitu ukikipima vizuri unakipoteza kidogo. Hapo ndipo mazingira na mfuko wako vinakutana.
- Klaudi yenyewe inakula stima, inalipwa kwa dola, na kebo ikikatika baharini tunasikia mpaka Kondele.
- Habari isipomfikia mtu aliye kwa boti ama kwa kizimba, hiyo yote ni mapambo.

Tuanze na msingi

Biashara inayonunua seva yake ni kama msee aliyenunua gari ya kumtoa Mamboleo mpaka tauni. Asubuhi inatembea dakika ishirini, halafu inakaa siku nzima ikichomwa na jua. Bima analipa, fundi analipa, ikiharibika ni yeye na Mungu wake. Klaudi ni matatu. Gari si yako, dereva si wako, unapanda ukihitaji na unashuka ukifika. Na ikifika siku ya mechi abiria wawe wengi, gari zinaongezwa.

Malipo nayo ni kama tokeni za stima. Ukitumia kidogo unalipa kidogo. Hii ndiyo imebadilisha mchezo. Zamani kujenga programu ya maana ilitaka mtaji wa kununua mashine kabla hujapata kastama hata mmoja. Sasa wasee wawili na laptopu Milimani ama Nyalenda wanaweza kuanza na doh kidogo, wakikua bili inakua nao.

Kuna ngazi tatu za kukodi, na njia rahisi ya kuzikumbuka ni keja:

- Keja tupu: unapewa kompyuta tu, kila kitu kingine unaleta mwenyewe. Hii ni ya mafundi.
- Keja yenye fanicha: vifaa vya kuandikia programu viko tayari, wewe unaleta kodi yako ya kompyuta na data.
- Hoteli: unaingia na kutumia tu. Barua pepe yako, hati za Google, mfumo wa kuuza dukani, hizo zote ni hoteli.

Biashara hii kwa sura tunayoijua leo ilianza 2006 Amazon ilipoanza kukodisha seva zake, mwaka mmoja kabla M-Pesa izinduliwe. Microsoft na Google wakafuata. Afrika ilingoja. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini 2019, Amazon ikafungua Cape Town 2020, Google ikaja Johannesburg mwanzo wa 2024. Nairobi nayo ina majumba ya seva ya kampuni kama iXAfrica na Africa Data Centres.

Kwa hivyo ukibonyeza kitu ukiwa Kisumu, ombi lako linapita kwa faiba mpaka Nairobi. Linaweza kuishia hapo. Linaweza pia kuteremka Mombasa, likaingia kwa kebo za chini ya bahari na kuenda Afrika Kusini ama Ulaya. TEAMS na SEACOM zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hizo kebo tulikuwa tunategemea setilaiti, na klaudi ingekuwa ndoto tu.

Mazingira yanaingilia wapi?

Kuna majibu mawili.

La kwanza ni la seva zenyewe. Seva ya ofisi ndogo mara nyingi inakaa bila kazi ya maana lakini stima inakula tu. Ukiweka biashara elfu moja kwa mashine za pamoja, mashine chache zinafanya kazi ya nyingi. Pia kuna stima ya kupooza. Kwa wastani wa vituo vya data duniani, kila yuniti 100 za stima zinazoenda kwa kompyuta huambatana na zingine kama 56 za kupooza na mambo mengine. Google inasema vituo vyake hutumia kama 10 tu. Hiyo ni tofauti kubwa.

Jibu la pili ndilo linatuhusu zaidi huku. Faida kubwa haiko kwa seva, iko kwa kile watu wanafanya na hizo hesabu. Tuingie sekta moja moja.

1. Samaki wa vizimba: oksijeni haionekani na macho

Mbuta na ngege wa ziwani wamepungua, hiyo kila mama muuza samaki atakuambia. Kwa hivyo vizimba vimekuwa vingi: Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay, Migori. Na soko ni ngumu, kwa sababu sahani hiyo hiyo inagombaniwa na tilapia wa barafu kutoka China ambaye bei yake huwa chini.

Mfugaji ana maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni gharama ya chakula. Kwa ufugaji wa tilapia, chakula hula zaidi ya nusu ya gharama yote. Samaki ni kiumbe cha damu baridi, hamu yake inafuata joto la maji. Maji yakipoa anakula kidogo. Ukimwaga kipimo kile kile cha jana, kinachobaki kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Yaani umelipa doh kuharibu maji yako mwenyewe na ya jirani.

Adui wa pili ni hiyo oksijeni. Tilapia ni mgumu, lakini ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita anaanza kuhangaika. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na inapokea uchafu wa mji pamoja na mbolea kutoka mashambani. Wakati mwingine upepo unageuza maji: yale ya chini, yasiyo na hewa, yanapanda juu. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Ogal, Kisumu, na wataalamu wa KMFRI walieleza kwamba maji yalikuwa yamekosa oksijeni. Hasara ilikuwa ya mamilioni ya shilingi. Kuna mtu alilala akiwa na samaki wa kuuza wiki ijayo, akaamka na harufu.

Sasa klaudi inaingia hivi. Kihisi kidogo kinawekwa ndani ya maji na kinapima joto na oksijeni kila baada ya dakika kadhaa. Kina laini ya simu ndani, kama ile yako, kinatuma namba kwa klaudi. Huko programu inalinganisha na za jana na za juzi. Ikiona zinashuka vibaya, inatuma ujumbe kwa simu ya mfugaji. Hakuna kitu kigeni hapo. Ajabu ni bei: kazi ambayo zamani ilitaka maabara na mtu wa kukesha sasa inafanywa na kompyuta ambayo mfugaji hajawahi kuiona, kwa gharama wanayogawana wengi.

Kampuni kubwa kama Victory Farms ya Homa Bay inaweza kuajiri watu wake wa data. Mfugaji wa vizimba vitatu hawezi. Pengo hilo ndilo vijana wa huku wameona. Aquarech, iliyoanzishwa Kisumu na Dave Okech, inaunganisha wafugaji wa samaki, wauzaji wa chakula na wanunuzi kupitia simu. Mfugaji anaagiza chakula, anaweka rekodi, anatafutiwa soko. Rekodi zinakaa kwa klaudi, kwa hivyo simu ikianguka ziwani bado historia yake iko.

Lakini tusidanganyane: onyo peke yake haliokoi samaki. Ukipata ujumbe saa nane usiku kwamba oksijeni imeshuka, lazima uwe na kitu cha kufanya. Unaweza kusimamisha chakula, kuwasha mashine ya kuingiza hewa kama unayo, kuvuna mapema wale wamefika saizi, ama kuvuta kizimba kuelekea maji yenye kina. Mfugaji ambaye hana boti wala pa kuweka samaki wa kuvuna ghafla atabaki kusoma ujumbe tu.

Ndiyo maana barafu ni sehemu ya hii stori. FAO hukadiria kwamba karibu thuluthi ya samaki wanaovuliwa ama kufugwa duniani hupotea kabla ya kuliwa. Keep IT Cool, kampuni ya Mkenya Francis Nderitu, inaleta ubaridi karibu na wavuvi na wafugaji wadogo na kuwaunganisha na wanunuzi kidijitali. Novemba 2024 walishinda tuzo ya Earthshot huko Cape Town, pauni milioni moja, kwa upande wa kupunguza taka. Friji inazuia samaki kuoza. Oda inayojulikana mapema inazuia samaki kukaa kwa friji akingoja mtu asiyekuja. Zote mbili zinahitajika.

2. Dhoruba: hesabu kubwa kwa ajili ya boti ndogo

Ziwa Victoria huua. Makadirio ambayo hutajwa sana ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka, ukijumlisha Kenya, Uganda na Tanzania. Sababu ni nyingi: boti zimechoka, jaketi za kuokolea hazipo, mizigo imezidi. Hali ya hewa nayo iko juu kwa hiyo orodha.

Usiku nchi kavu inapoa haraka lakini maji yanabaki na joto. Hewa inavuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, inagongana, inapanda, na dhoruba inazaliwa. Hiyo ni usiku na alfajiri, wakati ule ule wavuvi wa omena wako kazini na taa zao.

Kutabiri dhoruba ya aina hii ni noma. Kompyuta inagawa anga kwa vipande vidogo na kupiga hesabu za kila kipande, tena na tena. Kati ya 2017 na 2021 kulikuwa na mradi unaoitwa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa pesa za Uingereza, uliosaidia idara za hali ya hewa za nchi za ziwa kuboresha maonyo kwa wavuvi. Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, ilikuwa mmoja wa washirika. Mwaka 2025 hiyo ofisi ilihamisha kazi yake kwa kompyuta kubwa inayoendeshwa kwa klaudi ya Microsoft. Yaani hata wale wenye pesa zao wameamua kukodi.

Sasa angalia safari ya onyo moja. Hesabu zinapigwa Ulaya, mtaalamu wa idara yetu ya hali ya hewa anazisoma na kuandika utabiri, unatumwa kwa redio na kwa makundi ya simu, kiongozi wa BMU anaupokea, anawaambia watu wake ufuoni. Seva zinamaliza kazi yao mapema. Kilomita ya mwisho ndiyo ngumu zaidi: je, ujumbe umeandikwa kwa Dholuo ama kwa lugha ya wataalamu? Mvuvi ana bando? Simu ina chaji? Na kama ana deni la petroli la kulipa kesho, atabaki nyumbani kweli? Hakuna seva inayojibu hilo swali la mwisho.

3. Gugumaji: kuliona kabla halijakufungia

Gugumaji lilionekana upande wa Kenya mwanzo wa miaka ya 1990, na mwisho wa muongo huo lilikuwa limefunika maelfu ya hekta za Ghuba ya Winam. Hadi leo linakuja na kuondoka. Likisukumwa na upepo, boti zinafungiwa Dunga, meli zinakwama, mbu na konokono wanapata makao.

Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 zinapiga picha eneo letu kila baada ya siku tano hivi, na picha zinaonyesha hadi mita 10. Ni za bure. Landsat ya Marekani nayo ina picha za tangu 1972, na ni bure tangu 2008. Shida ilikuwa uzito. Nani Kisumu angepakua picha za miaka thelathini kwa bando zake? Tangu 2010 Google Earth Engine imegeuza mambo: picha zinabaki kwa klaudi, wewe unatuma swali, jibu ndilo linakuja kwako. Mwanafunzi wa Maseno na laptopu ya kawaida anaweza kuuliza gugumaji lilikuwa wapi kila mwezi tangu azaliwe. Kituo cha RCMRD pale Kasarani, Nairobi, hufanya kazi ya aina hii ya setilaiti kwa nchi za kanda.

Kichekesho ni kwamba mawingu ya kweli huzuia picha za kawaida. Wakati wa mvua setilaiti inaona pamba nyeupe tu. Hapo inatumiwa Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu. Ukiunganisha hizo mbili na data ya upepo, unaweza kukisia zulia la gugumaji linaelekea wapi. Kuliondoa bado ni kazi ya mashine na mikono, na kuzuia mbolea na maji taka yanayolilisha ni kazi ya siasa.

4. Stima: sola yenye laini ya simu

Ukienda vijiji vya Rusinga, Bondo ama Nyakach utaona visanduku vidogo vya sola vimefungwa ukutani. M-KOPA ilianza kuuza mwaka 2012, na mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa kwa timu iliyoleta M-Pesa. Ndani ya kisanduku kuna laini ya simu. Unalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, malipo yanafika kwa klaudi ya Microsoft, klaudi inaambia kisanduku chako kiwake.

Bila klaudi hii biashara haiwezi. Huwezi kutuma mtu na daftari kwa kila nyumba kukusanya finje. Kwa njia hii mathe aliyekuwa ananunua mafuta ya taa kila jioni amepata taa bila moshi, na mafuta hayo hayachomwi.

Upande wa pili uko wazi pia. Mkono ule ule unaowasha ndio unaozima. Ukikosa kulipa, hakuna mtu wa kumbembeleza mlangoni. Mashine haijui kama mvua imekosa ama mtoto ni mgonjwa.

5. Afya: rekodi na ndege zisizo na rubani

Kuna rekodi ambayo Kenya haisifiwi vya kutosha. Mwaka 2011 nchi nzima iliweka takwimu zake za hospitali kwa mfumo wa DHIS2 ulioendeshwa kwa seva moja ya mtandaoni, badala ya kuweka programu kwa kila wilaya. Tulikuwa wa kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo kitaifa. Wahudumu waliingiza data kwa modemu za simu. Faida yake: malaria ikipanda ghafla kaunti moja, anayepanga dawa anaona bila kungoja fomu zije kwa basi.

Pia kuna Zipline, yenye kituo Chemelil, kaunti ya Kisumu. Ndege zake ndogo zisizo na rubani huangusha chanjo na bidhaa za afya kwa parachuti kwenye vituo vya mbali. Zahanati ya ndani ndani haihitaji kujaza dawa za miezi na kuziona zikiharibika. Inaagiza inapohitaji, na dawa chache zinatupwa.

Pale klaudi inatuangusha

Haingekuwa haki kuimba sifa tu. Kuna mambo manne ya kuangalia.

*Ikizima, imezima.* Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kobe. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu kwa vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani, ilizima Snapchat na programu nyingi duniani. Programu nzuri ya ufuoni lazima iweze kuhifadhi data kwa simu kwanza, halafu itume mtandao ukirudi. Ukijenga kitu kwa ajili ya Remba ama Mfangano bila hiyo, umejenga kwa ajili ya Westlands.

*Bili ni ya dola.* Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikarudi karibu 130. Bili ya dola 100 ilitoka 16,000 ikaenda 13,000 bila wewe kufanya chochote. Sasa fikiria ikienda upande wa pili. Weka kikomo cha matumizi siku ya kwanza, maana kuna wasee wamewahi kusahau seva ikikimbia na mwezi ukaisha vibaya.

*Data ni ya nani?* Rekodi za mfugaji zinaonyesha amevuna kiasi gani na anadaiwa nini. Zinaweza kumsaidia kupata mkopo. Zinaweza pia kumnyima, ama kumwonyesha dalali ni lini ana shida ili ampe bei ya kutupa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwa aje, kusahihisha makosa, na kulalamika kwa Kamishna wa Data. Data ikitoka nje ya nchi lazima iwe na ulinzi. M-Pesa yenyewe ilikuwa inaendeshwa kutoka seva za Ujerumani mpaka 2015 zilipohamishiwa Kenya.

*Klaudi ina njaa.* Shirika la Nishati la Kimataifa lilikadiria kwamba vituo vya data duniani vilitumia takriban terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya stima yote ya dunia. Hiyo ni zaidi ya mara 25 ya stima yote tunayozalisha Kenya kwa mwaka, na akili bandia inaongeza njaa hiyo. Kenya tuna bahati, karibu asilimia 90 ya stima yetu ni ya mvuke, maji, upepo na jua. Ndiyo maana Mei 2024 Microsoft na G42 walitangaza mpango wa dola bilioni moja wa kituo cha data kinachotumia mvuke wa Olkaria. Lakini swali la msee wa Obunga ni halali: kama stima ipo ya kulisha seva, mbona kwangu inapotea kila mvua ikinyesha?

Maswali watu huuliza sana

*Klaudi na intaneti ni kitu kimoja?*
Hapana. Intaneti ni barabara. Klaudi ni maghala na karakana unazofikia kwa hiyo barabara.

*Nikiwa na kabambe nimefungiwa nje?*
Si lazima. Ujumbe mfupi na zile menyu za nyota na reli zinaweza kuongea na klaudi nyuma ya pazia. M-Pesa kwa kabambe ni ushahidi. KMFRI pia iliwahi kutumia ujumbe mfupi kupeleka bei za samaki kwa wavuvi, kabla simu janja zijae.

*Data yangu iko salama huko?*
Kwa kawaida mashine zao zinalindwa kuliko laptopu yako. Mashimo mengi huwa kwa mtumiaji: nywila dhaifu, simu bila kufunga, ama fundi aliyeacha mlango wazi. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo.

*Nahitaji digrii kuingia hii kazi?*
Mimi mwenyewe campo niliiacha njiani, kwa hivyo hilo swali nimelisikia sana. Jibu ni kwamba digrii inasaidia lakini si tiketi pekee. Kisumu kuna LakeHub, na kuna Zone01 ambapo watu hujifunza kuandika programu kwa kufundishana bila mwalimu wa kusimama mbele. Microsoft Learn ni bure, na Amazon na Google wana masomo ya bure pia. Utahitaji bando, subira, na kitu halisi cha kujenga.

*Nianze na nini?*
Anza na shida unayoijua, si na tekno. Nenda Dunga, Usenge ama Luanda Kotieno, kaa na mama anayeuza omena, muulize ni wapi anapoteza pesa. Anaweza kukuambia ni mvua inayonyeshea omena zikiwa zimeanikwa. Basi tatizo lako ni utabiri wa mvua wa masaa matatu, kwa Dholuo, kwa simu ya kabambe. Ukishajua hilo, seva ya kuuendesha unaweza kuikodi jioni hiyo hiyo. Kurudi kwake kesho yake, na kesho kutwa, kuuliza kama ujumbe ulifika na kama ulimsaidia, hiyo hakuna kampuni itakukodishia.